Dirisha la Nne

Maandishi ya njano hayasomwi na mtu. Muulize yeyote anayekula kwa kuandika programu. Mekundu yanasimamisha kazi, kwa hiyo utayasoma utake usitake. Ya njano ni onyo tu, yanapita chini ya skrini, nawe unaendelea na yako. Subilaga Mwaipaja alikuwa ameyachoka kiasi kwamba mwaka uliopita aliandika mstari mmoja wa kuyaficha, akaenda kunywa chai. Skrini ikawa safi. Alijisifu, na bosi wake naye akamsifu.

Kazi yake pale Kituo cha Ziwa, juu ya kilima cha Kiputa, ilikuwa kuchora kitu kisichoonekana. Ziwa Ilamba limelala milimani, dogo, zuri, watalii wanalipiga picha. Chini kabisa, kwenye maji ya baridi, limebana gesi nzito isiyo na rangi wala harufu. Siku likitibuka, gesi itapanda, imwagike kupitia pengo la mto na kuteremka bondeni kwa watu. Ilishatokea mara moja, enzi za mababu. Ng'ombe walikutwa zizini wamelala bila jeraha, na wenye ng'ombe vilevile vitandani mwao.

Kila asubuhi kompyuta ya kituo ilikisia mara mia moja: upepo ukiwa hivi na maji yakiwa vile, gesi itapita wapi? Subilaga alilichora kila kisio kama shuka jeupe, jepesi mno, kiasi kwamba moja likiwa peke yake ungetilia shaka kama lipo. Kisha aliyatandika yote mia, moja juu ya jingine. Mashuka mengi yalipolaliana, weupe ulikoza. Lilipofika moja tu, pakabaki ukungu wa kubahatisha. Mtu yeyote akiutazama mchoro anaelewa bila kufundishwa: hapa ni kufa, hapa labda, hapa ni Mungu tu.

Mchoro huo aliufungulia madirisha manne. La kwanza lilikuwa skrini yake. La pili karatasi, ambayo ilibandikwa kwenye ubao wa sokoni. La tatu ukuta wa chumba cha mikutano. La nne lilikuwa macho ya watu, na hilo halijawahi kufunguliwa hata siku moja.

*

"Leo mmetupikia nini?" Mwalimu Asegelile alimuuliza asubuhi ile pale sokoni, kama alivyomuuliza kila asubuhi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye koti la mvua ambalo halikuvuliwa hata jua likiwaka, na bondeni kote hakuna aliyesimama mbele ya ule ubao muda mrefu kuliko yeye.

"Shikamoo Mwalimu. Yale yale ya jana."

"Marahaba. Yale yale, lakini naona huku korongoni kwangu mmeniwekea kivuli. Jana hakikuwepo."

Subilaga aliinama kutazama. Kweli, nyuma ya kigongo, kwenye korongo linalopita kando ya boma la Mwalimu, palikuwa na weupe hafifu kama alama ya kidole kwenye kioo.

"Ni kisio moja tu kati ya mia, Mwalimu. Upepo ukigeuka vibaya, gesi inaruka kigongo."

"Moja kati ya mia." Mwalimu alicheka. "Basi mwambie ng'ombe wangu asiwe na wasiwasi. Ana mimba yule, hasira zake ni za karibu."

Mkewe, Mama Bupe, alikuwa akichagua viazi pembeni. Aliguna bila kugeuka. "Huyu atasoma ubao huo mpaka mvua imkute hapo. Subi mwanangu, usimpe maneno, nyumbani hatulali."

Wakati ule nusu ya soko walikuwa wamesimama huku macho yao yakitazama pasipo na kitu. Ndivyo watu walivyokuwa siku hizo, wakisoma habari ndani ya lenzi zao. Serikali ilikuwa imezigawa bure bondeni, lenzi nyembamba inayokaa juu ya mboni, na kila lenzi ilikuwa na adabu yake. Mtu akitaka kukuonyesha jambo, neno moja dogo linatokea pembeni mwa jicho lako: *Hodi*. Ukikubali unapepesa mara mbili, ndiyo karibu yako. Usipopepesa, hakuna mwenye ruhusa ya kuingia. Sheria iliruhusu kituo peke yake kuingia bila hodi, na kwa sababu moja tu: kifo kikiwa njiani.

Mama yake Subilaga, Bi. Tupokigwe, alikataa lenzi tangu siku ya kwanza. "Jicho langu halina mlango wa nyuma," aliwaambia wagawaji, akawapa ndizi za njiani na kuwasindikiza. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa, ukingoni mwa mto, mahali ambapo mashuka ya Subilaga yalikoza kuliko popote. Yeye na bintiye wamegombana juu ya kuhama mpaka wamechoka. Siku hizi mama akimwona bintiye anakuja na karatasi mkononi, anaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu.

*

Mchana vipima vya ziwani vilianza kupanda. Subilaga alikuwa amemega ugali, tonge liko njiani, aliposikia Dokta Gwakisa akimwita kwa jina lake lote.

Dokta Gwakisa Mwakatundu alikuwa mkuu wa kituo, mtoto wa bonde lilelile. Si mtu wa kelele. Kwa hiyo sauti yake ilipopanda, Subilaga alisimama na tonge lake mkononi.

"Joto la chini limepanda, na mapovu yameanza kule katikati," alisema. "Fungua la nne."

"La nne? Dokta, hatujawahi..."

"Umelijaribu?"

"Nimelijaribu kwenye lenzi yangu. Linafanya kazi vizuri sana."

"Basi fungua."

Alifungua. Amri yenyewe ilikuwa fupi: chora, kifaa cha nne, wote. Alikuwa ameupanga mchoro utembee, kuanzia pengo la mto, ukiteremka na kutanda polepole kama gesi yenyewe ingefanya, ili watu wapate nafasi ya kuelewa na kuondoka. Yeye mwenyewe alitazama dirishani, na ndani ya lenzi yake aliuona ukungu mzuri, mzito mtoni, mwepesi mlimani, umelala juu ya bonde halisi kama alivyoukusudia.

Kelele zilipanda kutoka chini, sauti za watu wengi kwa pamoja. Watu walikuwa wakikimbia kuelekea mashamba ya chai kule juu, na vumbi likawafuata. Dokta Gwakisa alishika kingo za dirisha. Machozi yalikuwa yakimtiririka na wala hakujali.

"Wanaondoka," alisema. "Miaka yote nimewapigia magoti. Leo wanaondoka kwa miguu yao."

Subilaga naye alifurahi, na alitaka kulia. Lakini jambo moja lilimkera. Watu wa ng'ambo ya kigongo, kule korongoni, nao walikuwa wakikimbia kama wamemwagiwa maji ya moto. Kwao kulikuwa na shuka moja tu, hafifu, ambalo hata yeye alilitafuta kwa kukaza macho. Mbona wanakimbia vile?

Alimpigia mdogo wake. Lugano alikuwa fundi wa pikipiki, mtu mzima mwenye mke na maneno mengi, lakini alipopokea alikuwa anahema tu.

"Uko wapi?"

"Nimeshuka kumchukua mama. Dada, sioni. Sioni kitu!"

"Huoni nini?"

"Nyeupe! Nyeupe mpaka puani! Mkono wangu wenyewe siuoni. Nimekanyaga mtu sasa hivi, analia, simjui ni nani. Hii gesi imeshatufikia, dada. Mbona bado napumua?"

Simu ikakatika. Subilaga alirudi kwenye meza, akautafuta ule mstari wake wa mwaka jana, mstari wa kuficha, akaufuta. Akaiendesha programu upya. Maandishi ya njano yakamwagika kwenye skrini, mstari mmoja ukijirudia kwa kila jicho la bonde zima:

*Onyo: kifaa hiki hakina rangi nyepesi. Rangi zote zitachorwa nzito.*

Lenzi yake ilikuwa ya kituo, ya bei mbaya. Zile za bure zilijua mambo mawili tu, rangi ipo au rangi haipo. Kwa hiyo kila shuka lake jepesi lilikuwa limegeuka ukuta. Lile moja la kubahatisha kule korongoni lilikuwa jeupe sawa na sitini yaliyolaliana mtoni. Bonde lote lilikuwa limezikwa na maziwa, na waliochelewa kukimbia walikuwa humo ndani, vipofu, mchana wa jua kali.

"Nimekosea," alisema. "Dokta, nimekosea."

*

Alimweleza kwa haraka. Dokta Gwakisa alisikiliza huku akiitazama picha ya droni iliyokuwa ikizunguka juu ya bonde. Chini ya jua, kwenye njia safi kabisa, watu walikuwa wakitembea wamenyoosha mikono mbele, wakipapasa migomba. Mmoja alikuwa amekaa katikati ya barabara na kujifunika khanga kichwani. Ilikuwa aibu kuitazama.

"Wangapi wamo?" Dokta aliuliza.

"Kama thelathini. Labda zaidi."

"Na waliofika kwenye chai ni elfu tatu." Aligeuka. "Acha lilivyo."

"Dokta!"

"Nisikilize, binti. Ukilifunga sasa, wale elfu tatu wataona jua linawaka na bonde ni lile lile. Watateremka kufuata mbuzi wao na sufuria zilizo jikoni. Ziwa linachemka. Kipofu aliye hai namwelewa. Nitapeleka vijana wa zimamoto wakawashike mkono hao thelathini."

"Vijana wenyewe wana lenzi za bure. Wakiingia nao wamepofuka."

Dokta Gwakisa hakuwa amelifikiria hilo.

Hapo ndipo Subilaga alipomwona mama yake kwenye ile picha.

Alikuwa akitokea nyuma ya kanisa, mfupi, mnene, kitenge chake cha njano kiunoni, akitembea kama mtu anayekwenda dukani. Nyuma yake kulikuwa na mstari wa watu. Wa kwanza, Lugano, alishika ncha ya kitenge, wa pili akamshika Lugano shati, wa tatu akamshika wa pili, wakaenda hivyo kama watoto wa chekechea. Kila alipomkuta mtu anapapasa, Bi. Tupokigwe alisimama, akamshika mkono, akamwunga kwenye mstari. Alikuwa hana lenzi. Bonde zima, ni yeye peke yake aliyekuwa anaona.

"Mungu ambariki," alisema Dokta kwa sauti ndogo. "Unaona? Anawatoa."

Subilaga alitaka kushangilia. Alishangilia kweli, moyoni, kwa pumzi mbili tatu. Halafu akaona mama anapita njia panda ya kwenda kwenye chai bila hata kuitazama. Alishika ile nyingine, inayoteremka.

Anawapeleka nyumbani. Bila shaka! Mama alichokuwa anakiona ni siku nzuri, jua, nguo za watu kwenye kamba, na majirani zake waliopatwa na wazimu wa macho. Kwa akili zake timamu alikuwa anawapeleka kwake wakapumzike, wapate maji ya kunywa, ukingoni mwa mto. Gesi haina rangi. Ikija, hataiona yeye wala hawataiona wao.

Alipiga simu ya Lugano. Iliita bila kujibiwa. Labda aliiangusha alipojikwaa, labda imo mfukoni na mkono mmoja umeshika kitenge na mwingine unapapasa. Mama hakuwa na simu. Droni ya kituo haikuwa na kipaza sauti, ilikuwa na jicho tu.

"Naweza kulifunga jicho moja," alisema Subilaga. Namba ya lenzi ya mdogo wake aliijua kwa moyo, yeye ndiye aliyemsajilia. Aliiandika. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Lugano angeona jua, angeona mto mbele yake, na asingeona hatari, sawasawa na mama. Na yule aliyemshika shati, mtoto wa nani yule? Na yule mwenye khanga kichwani?

Aliifuta namba.

"Kuna njia ya tatu," alisema. "Niache kujaza. Nisichore mashuka, nichore njia tu. Kila kisio uzi mmoja, mahali gesi itakapopita. Uzi hauhitaji rangi nyepesi, na mtu anaona katikati ya nyuzi. Mtoni zitajaa kama mkeka. Mlimani zitakuwa chache. Ndiyo ukweli wenyewe, Dokta."

"Na wale wa juu?"

"Nao wataona."

"Wataona uzi mmoja juu ya nyumba, au mbili, na watasema, ah, mbili! Nitarudi mara moja nikafunge mlango. Wewe huwajui watu? Mimi ni mmoja wao!" Alikuwa amemshika bega, na mkono wake ulikuwa mzito. "Binti, wachoree nyuzi hao thelathini wa ndani. Hao wa juu waachie ukuta wao. Nakuomba."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuuma Subilaga. Ingewezekana. Wachache waone ukweli kwa sababu unawafaa, wengi waachiwe uongo kwa sababu unawafaa vilevile. Hakuna ambaye angejua. Lakini uongo ule ulikuwa umeingia kwenye macho ya watu bila hodi, kwa mkono wake, na kila dakika ambayo angeuacha pale akijua ni uongo, usingekuwa tena kosa. Ungekuwa kazi yake.

"Kesho nikiwachorea kitu, wataniamini kwa lipi?" aliuliza.

"Kesho wawepo kwanza."

Kwenye picha ya droni, kitenge cha njano kilikuwa kimefika kwenye daraja la mbao.

Subilaga alibadilisha neno moja kwenye programu, pale paliposema *jaza* akaandika *njia*, na mahali pa namba za macho aliacha neno lilelile la mwanzo: *wote*. Akabonyeza. Dokta Gwakisa alimwona, na hakumzuia. Baadaye hakuna aliyemuuliza kwa nini, naye hakusema.

*

Weupe uliondoka kwa pumzi moja, na mahali pake zikaja nyuzi. Lugano alisimulia baadaye kwamba kwanza aliona mgongo wa mama yake, akaupenda kuliko kitu chochote alichowahi kukiona. Halafu akatazama mbele. Nyuzi nyeupe zilishuka kutoka kwenye pengo, zikajikusanya, zikapita juu ya daraja na juu ya paa la nyumba waliyozaliwa zikiwa nyingi mpaka ukuta wa matofali haukuonekana.

Kwenye picha ya droni Subilaga alimwona akikivuta kitenge. Mama akageuka na kumchapa mkono. Walibishana pale pale darajani, mikono ikienda juu, mwana akionyesha kitu hewani, mama akitazama hewani na kuona hewa. Mwishowe Lugano aliinama, akambeba begani kama gunia la viazi, akakimbia naye kuelekea juu, na mstari mzima ukamfuata kwa macho yao wenyewe. Mama alikuwa akimpiga ngumi za mgongo njia nzima.

Subilaga alicheka kwa sauti. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Tazama na huku," alisema Dokta Gwakisa.

Kwenye mashamba ya chai, watu walikuwa wamesimama wakilitazama bonde. Wengi walibaki. Waliokuwa na nyumba mtoni hawakusogea hata hatua. Lakini pembezoni, mmoja mmoja, kwa kusitasita, wengine walianza kuteremka. Walitazama mbele, wakahesabu kwa vidole, wakaenda. Mmoja wao alikuwa mrefu, mwenye koti la mvua.

Subilaga alimpigia. Mwalimu Asegelile alipokea mara ya kwanza tu.

"Mwalimu, rudi juu. Tafadhali."

"Subi! Sasa hivi mmechora vizuri, maana ile ya mwanzo ilikuwa fujo tupu. Naona wa kwangu ni ule mmoja. Ule ule wa asubuhi."

"Mmoja si sifuri, Mwalimu."

"Najua, mwanangu, nimefundisha hesabu. Ng'ombe amefungwa kwa kamba fupi na siku zake zimefika. Namfungua tu, namswaga, tunapanda pamoja."

Angeweza kumdanganya hapo. Aliliwaza kabisa, na neno lilikuwa mdomoni: nimeona makisio mapya, nyuzi zimekuwa arobaini, kimbia. Angekimbia. Alimwamini.

"Fanya haraka basi," alisema.

"Ndaga, mama," alijibu Mwalimu, akishukuru kwa lugha ya nyumbani, akakata.

Ziwa lilicheua jua likiwa bado juu ya kigongo. Halikupiga kelele kubwa. Maji yalivimba katikati, yakawa mekundu kama kutu, na majani ya ukingoni yakalala chini yote kwa pamoja kana kwamba yamekanyagwa. Gesi iliteremka mtoni kama ilivyotarajiwa, ikapita daraja, ikapita nyumba ya Bi. Tupokigwe, ambako kesho yake walikuta kuku wote wamelala na paka juu ya kinu. Kisha upepo ukageuka. Sehemu ndogo, pengine ya kujaza uwanja wa mpira, iliruka kigongo na kumwagikia korongoni.

Walimkuta Mwalimu Asegelile ameketi zizini, amekiegemea kichwa cha ng'ombe wake. Kamba ilikuwa imeshafunguliwa. Mwingine aliyekufa siku ile hakuwepo.

*

Msibani Subilaga aliosha vyombo. Alichota maji, alimenya viazi, alibeba viti, mradi asikae. Akikaa, mikono ilianza kutafuta kitufe. Watu walimshukuru, na hilo ndilo ambalo hakulimudu. Walimshika mikono, wakamwambia amewaokoa, na mama yake akakaa katikati ya wanawake akisimulia jinsi alivyobebwa kama gunia, akicheka na kulia kwa zamu.

Mama Bupe alimwita siku waliyoanza kuondoka wageni. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Subilaga alipiga magoti mbele yake.

"Pole, mama."

"Wamesema mlizungumza kwa simu."

"Ndiyo."

"Alijua?"

"Alijua. Aliona uzi mmoja, akaniambia ni ule ule wa asubuhi. Nilimwambia mmoja si sifuri."

Mama Bupe alitikisa kichwa taratibu, kama anayemsikia mumewe akijibu. "Mwanzo tulipokimbia, alinishika mkono. Alikimbia kama kijana. Tulifika kule juu amechoka, anacheka, ananiambia Mama Bupe, tumepona. Kisha mkaondoa ule weupe." Alinyoosha mkunjo wa mkeka. "Wapo watu wanaosema umefanya vizuri. Mama yako yupo kwa sababu hiyo. Mimi sikulaumu. Lakini nikuambie la moyoni?"

"Niambie, mama."

"Ningependa ungemdanganya."

Subilaga alilia. Mama Bupe alimwacha alie, akamfuta uso kwa ncha ya khanga yake, kwa nguvu kidogo, kama anavyofutwa mtoto aliyechafuka.

"Mimi sikuuangalia," alisema baadaye. "Siku ile nilifumba macho, niliogopa. Huo uzi. Unao bado?"

"Upo kwenye kompyuta. Lakini mama, si lazima..."

"Nionyeshe."

Alitoa kompyuta yake ndogo kwenye mkoba. Alichagua dirisha la nne, namba moja, jicho moja. Kati ya nyuzi mia aliondoa tisini na tisa. Safari hii aliacha hodi mahali pake, akangoja, huku akiwa amepiga magoti hatua moja tu kutoka kwa mwenye jicho.

Pembeni mwa jicho la Mama Bupe lile neno dogo lilitokea. Hakupepesa upesi. Aliangalia mlangoni, uani, kule zizini ambako mlango ulikuwa bado wazi.

"Karibu," alisema kwa sauti, kama mtu anayefungulia mgeni, akapepesa mara mbili.

Uzi ulishuka kutoka kigongoni, ukapita juu ya migomba, ukakata ua katikati na kuingia zizini. Mama Bupe aliufuata kwa macho mpaka ulipoishia. Akanyoosha mkono hewani, vidole viwili vikakaribiana kana kwamba anataka kuushika.

"Mwembamba hivi?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."